Mwalimu wa Wembley na Viti vya Wenye Asili

Pale Wembley, mtaa wa London, walimu hawakuwa haba. Alikuwepo mwalimu wa kuendesha gari, mwalimu wa madrasa, na Mkenya mmoja aliyefundisha kwaya kanisani. Lakini ukisema Mwalimu, bila kuongeza neno, mtu alikuelekeza kwenye nyumba moja tu, ile ambayo ukipita barabarani unaona ubao mweusi umesimama sebuleni, nyuma ya dirisha, mahali ambapo wenzake waliweka televisheni.

Ubao ule aliupata katika shule moja iliyofungwa upande wa Harlesden. Jirani aliyekuwa na gari la mizigo alimsaidia kuuleta, na walipofika mlangoni ukawa haupiti. Mwalimu akatoa fremu ya dirisha, akauingiza ubao, akairudisha fremu mwenyewe, vibaya, hivyo kuanzia siku ile upepo ukawa unaingia sebuleni mwaka mzima. Watu walimshauri anunue ubao mweupe wa kalamu. Alikataa. Alisema chaki inalia mtu anapoandika upuuzi, kalamu hainung'uniki.

Ukoo wake sikuuliza na yeye hakunieleza. Nilichojua ni kile ambacho kila mtu alikijua: alikuwa Mhindi wa Tanga, alifundisha kemia huko miaka mingi, akaja London akiwa mtu mzima, na hapa akafundisha tena mpaka walipomstaafisha. Mkewe alikuwa ameshafariki nilipomfahamu.

Mimi pia ni mtu wa Tanga. Nilifika London mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa nimeolewa na kijana wa Kihindi wa mji uleule. Ndoa yetu haikumfurahisha mtu yeyote isipokuwa sisi wawili. Mume wangu alifariki kwa ugonjwa wa moyo, binti yetu Rehema akiwa ndiyo kwanza ameanza shule, nami nikabaki na kazi yangu ya kutunza wazee katika makao ya wazee na chumba cha kupanga juu ya duka la vitambaa. Siku moja nilikuwa dukani nachagua mboga, najisemea peke yangu kwamba leo nimepata mchicha. Sauti ikatoka nyuma yangu, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa.

“Huo si mchicha, mama. Ni majani ya uwatu. Ukiyapika kama mchicha utajuta.”

Nikageuka, nikamwona mzee mwembamba aliyevaa koti juu ya sweta, na sweta juu ya sweta jingine, mfuko wa koti umekuwa mweupe kwa vumbi la chaki. Nikamwamkia shikamoo kabla sijafikiri. Akaitikia marahaba kama mtu aliyekuwa akiingoja salamu hiyo muda mrefu. Tukasimama pale tukizungumza mpaka mwenye duka akatuomba tusogee.

Tangu siku ile hakuniruhusu kumchanganyia lugha. Sisi wa London tulishazoea: basi lime-delay, nina appointment, landlord amepandisha rent. Ukimwambia hivyo alinyamaza tu, akikutazama kama mtu anayesubiri treni, mpaka urudie sentensi nzima kwa Kiswahili. Lakini yeye mwenyewe hesabu alizifanya kwa Kigujarati, midomo ikicheza, na akijigonga kidole alitukana kwa Kiingereza. Nilipomwuliza kwa nini, alisema matusi ya Kiswahili ni makali mno kwa kidole.

Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Alikuwa mtu wa ukweli mtupu, lakini yeye alimdanganya daktari wake kila alipokwenda kupimwa. Alikuwa na kisukari, na kashata zake alizificha ndani ya boksi la chaki. Rehema alizigundua, akaniambia, nami nikamwambia Mwalimu. Akasema, bila haya, kwamba boksi limeandikwa chaki na daktari hajamkataza chaki.

Mpira aliuchukia. Siku ya mechi, umati ulipojaa mtaani kutoka kituoni mpaka uwanjani, wenzake walifunga milango na mapazia. Yeye aliufungua mlango wake, akaacha watu waingie kutumia choo. Wanaume wazima waliojichora nyuso walipanga foleni kwenye korido yake, wakimwambia ahsante kwa adabu kama wanafunzi. Nilimwuliza haogopi kuibiwa. Alisema mtu anayehitaji choo hana timu.

Watoto wa mtaa alianza kuwafundisha jioni na Jumamosi, kemia kwanza, kisha hesabu na fizikia. Wakati wa somo hita ilizimwa. Watoto walikaa na makoti, pumzi zao zikionekana. Alisema ubongo ukipata joto unalala. Rehema akamjibu kwa Kiingereza, maana watoto wa London ndivyo wanavyojibu hata ukiwauliza kwa Kiswahili, kwamba Tanga kuna joto na yeye alifundisha huko maisha yake yote. Mwalimu akasema, “Ndiyo maana najua.”

Kukosea mbele yake haikuwa jambo dogo. Hakupiga mtu, hakupayuka. Alichukua kifutio, akafuta ubao mzima, hata sehemu uliyopatia, akakupa chaki. “Anza.” Nimewaona watoto wakirejea mara nne kwenye ubao ule huku machozi yanawalenga, na mara ya tano wakapata, na wakienda nyumbani wanatembea kama waliorefuka.

Lakini watu wazima walipomtafuta Mwalimu, mara nyingi haikuwa kwa ajili ya kemia. Walimtafuta kwa ajili ya viti.

Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini na kuendelea, kuingia chuo cha udaktari London kulikuwa kugumu mno. Mtoto aliyekosa alama kidogo tu alirudishwa. Wazazi wa Kihindi wa Wembley wakawa wanaiangalia India, kwa sababu vyuo vingi huko vilitenga viti, yaani nafasi za masomo, kwa Wahindi wa ng'ambo na watoto wao, na serikali ya kule ilikuwa imeanza kutoa kadi kwa watu wenye asili ya India, kisha baadaye ile kadi nyingine ya uraia wa ng'ambo. Nani anastahili na nani hastahili, hapo ndipo watu walipopotea. Mtoto awe ametimiza miaka kumi na saba kabla ya mwaka kwisha. Awe amesoma baiolojia, kemia na fizikia, zote tatu, na Kiingereza. Vyeti vya Uingereza vipimwe kwanza kule vionekane vinalingana na vya kwao. Kisha mzazi, au babu, au hata aliyemzaa babu, athibitike kwamba alitoka katika ardhi ya India. Na aliyewahi kushika pasi ya Pakistani, mlango ulifungwa hapohapo.

Mwalimu aliyajua yote hayo kwa sababu alisoma kila tangazo mpaka mwisho, na kwa sababu walimu aliowahi kufanya nao kazi walikuwa wametawanyika huko na alizungumza nao kwa simu. Wazazi walikuja wamevaa vizuri, mtoto katikati yao. Kabla hajasikiliza neno, alimtuma mtoto jikoni akapike chai ya watu wote. Asiyejua kuwasha jiko alijulikana hapo. “India mama hayupo jikoni,” aliwaambia wazazi, na wengine waliona amewavunjia heshima.

Jibu lake lilikuwa fupi. Ndiyo, au hapana. Alikuwa na msimamo kwamba hapana iliyocheleweshwa ni uongo, kwani mtu anaendelea kutumaini na wewe unamtazama. Nilimwona akimwambia hapana tajiri mwenye maduka, wakati chai ya mtu huyo ingali moto.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuiomba kadi ile, ingawa aliwajazia watu wengi. Alisema ana nchi moja anayoikumbuka na nyingine anayoilipia kodi, na kwa umri wake zinatosha.

Siku moja tulipokuwa tunatoka sokoni aliniambia jambo ambalo hakuwa amenieleza kabla. Alisema alipoanza kazi Tanga, wakati wa Waingereza, shule zilikuwa tatu tatu: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika. Yeye alifundisha katika ya Wahindi. Walikuwa na maabara yenye mabomba ya gesi. Shule ya Waafrika iliyokuwa karibu haikuwa hata na bomba la maji. Uhuru ulipokuja, madarasa yakachanganywa.

“Asubuhi ya kwanza nikaita majina,” alisema. “Yale ya watoto wapya niliyavuruga yote. Wakanicheka. Nilirudi nyumbani nikajifunza majina yale kama mtu anayejifunza sala. Darasa lile, Mama Rehema, ndilo bora kuliko yote niliyofundisha.”

Tukatembea kidogo. Kisha akasema, “Na sasa nimezeeka, kazi yangu ni kuwauliza watoto babu zao walikuwa nani.”

Nilimsaidia kubeba mfuko.

Rehema alipofika miaka kumi na saba, alikuwa amejitia kichwani kwamba atakuwa daktari. Jumamosi hakuwa peke yake pale sebuleni. Rafiki yake alikuwa Furaha, msichana wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyekuja na mama yake kuomba hifadhi. Mama Furaha nilifanya naye kazi katika makao ya wazee, na mimi ndiye niliyemleta binti yake kwa Mwalimu. Naye alitaka udaktari. Kwa kweli kati ya wale wawili, Furaha ndiye aliyekuwa mwepesi. Rehema alilifikia jibu kwa jasho. Furaha alilifikia akiwa hajatua begi. Mwalimu alimkaripia Furaha zaidi ya mtoto yeyote, na Furaha alimjibu, na mabishano yao yalimchangamsha mzee kuliko kashata.

Alama za majaribio zilipotoka, walimu wa shuleni wakamwambia Rehema asitegemee chuo cha udaktari London. Jumamosi iliyofuata nilipokwenda kumchukua, Mwalimu aliniambia niketi. Wasichana walikuwa bado wamevaa makoti, chaki mikononi.

“Rehema ana nafasi India,” akasema. “Baba yake marehemu ni mtoto wa mtu wa Kachi, kule India. Akipata alama anazoweza kupata, anastahili. Kinachohitajika ni uthibitisho wa babu.”

Rehema hakuonyesha furaha wala huzuni. Mwenzake ndiye aliyeuliza.

“Na mimi, Mwalimu?”

“Wewe hapana.”

“Na hapa London?”

“Hapa mtakapokubaliwa kukaa. Kabla ya hapo utahesabiwa mwanafunzi wa kigeni, na ada ya mgeni mama yako haiwezi. Vyuo vyenyewe vitakuambia hivyo.”

Alisema kwa sauti ileile aliyoitumia kwa mwenye maduka. Furaha akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa saa. Rehema akaweka chaki mezani, akasema kwa Kiingereza kwamba kama ni hivyo naye hataki, haiwezekani yeye aende kwa sababu ya babu ambaye hajawahi kumwona, na Furaha, mwenye akili kumshinda, abaki.

Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. “Ukibaki nje naye,” akamwambia, “mtakuwa wawili nje. Itamsaidia nini?”

Furaha akavaa begi lake, akatuaga vizuri, akaondoka.

Uthibitisho wa babu ulikuwa kwa mama mkwe wangu, aliyeishi Kilburn kwa mwanawe mkubwa. Tangu mume wangu azikwe sikuwa nimekanyaga nyumba ile, na Rehema hakuwahi kuingia hata siku moja. Nilimwambia Mwalimu afadhali binti yangu asome kitu kingine. Akasema, “Nitakwenda nanyi,” akavaa koti.

Mama mkwe alitufungulia mwenyewe. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alitukalisha, akatupa maji, akamsikiliza Mwalimu akieleza. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha Tanga ambacho hakikuwa kimepungua, “Miaka yote mtoto huyu hajaingia hapa. Leo anakuja kwa karatasi.”

“Hajaingia kwa sababu hakualikwa, mama,” Mwalimu akasema.

“Nani alikuambia hakualikwa?”

“Mlango wenyewe. Umefunguliwa leo kwa sababu tumegonga.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akamgeukia Rehema, akamwita kwa mkono. Rehema akaenda, akapiga magoti mbele ya kiti, jambo ambalo sikuwa nimemfundisha. Yule mama akasogeza nywele za mjukuu wake nyuma ya sikio, akalitazama sikio lile kwa muda. Mume wangu alikuwa na masikio madogo, yamebana kichwani. Ya Rehema ni hayohayo.

“Amekula?” akaniuliza mimi. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka mingi.

Tulikula pale. Pasi ya zamani ya marehemu baba mkwe wangu ilitoka kabatini baada ya chakula, na hakuna aliyeizungumzia tena. Kabla hatujaondoka, mama mkwe alimwambia Rehema aje Ijumaa, na asije na mtu wa kumsindikiza. Rehema akaenda Ijumaa ile, na nyingine, mpaka siku ya safari. Lakini siku ile ya kwanza, tukirudi ndani ya basi, nilimwambia Mwalimu kwamba alikuwa amemkosea adabu mwanamke mzima. Akasema anajua.

Rehema alipata kiti katika chuo kimoja kusini mwa India. Ada tuliipata kwa taabu, sitaieleza hapa. Aliandika kwamba huku London watu walimwona Mhindi, na kule bwenini walimwita Mwafrika, na kwamba alichoka kueleza, akaacha kueleza, akasoma. Alimaliza. Leo ni daktari, baada ya mitihani mingine aliyorudi kufanya hapa. Nikimwona na koti lake namshukuru Mungu, na ninamkumbuka Mwalimu, na siwezi kumkumbuka Mwalimu bila kumkumbuka na yule wa pili.

Maana kwa Furaha alihangaika. Watu walidhani baada ya ile hapana alimwacha. Sivyo. Aliandikia vyuo vya London kimoja baada ya kingine. Viwili alikwenda mwenyewe pamoja naye, wakakaa kwenye benchi wakingoja. Katika kimoja, mama aliyewapokea aliwasikiliza mpaka akafuta miwani yake, akasema hana uwezo wa kubadilisha kitu. Na pale sebuleni mzee alibadilika. Furaha akija, hita iliwashwa. Kashata zilitoka kwenye boksi. Akikosea kwenye ubao, Mwalimu alimsahihishia kwa upole, akamwambia vizuri, tuendelee. Niliona mambo yale nikasema moyoni, kumbe mzee huyu ana huruma kiasi hiki.

Baada ya miezi michache Furaha akaacha kuja. Alipata kazi pamoja na mama yake. Hatimaye walihamia Stratford, mashariki ya London, na Mwalimu hakumtaja tena, wala mimi sikuthubutu.

Miaka ikapita. Minara miwili ya uwanja wa zamani ilibomolewa, na tao kubwa la uwanja mpya likasimama juu ya paa za nyumba zetu. Mwalimu akaanza kutembelea fimbo. Watoto walipungua, wazazi walikuwa sasa wanatafuta habari za viti kwenye kompyuta. Siku moja nilimpelekea dawa zake, nikamwambia nimekutana na Mama Furaha mjini. Walikuwa wamekubaliwa kukaa, ilichukua miaka, na Furaha ameingia chuo, anasomea uuguzi.

Alikuwa anafuta ubao usiokuwa na kitu. Akaendelea kufuta.

“Nipeleke,” akasema.

Tulikwenda Jumapili mchana. Treni ya kutoka Wembley inafika mpaka Stratford bila kubadilisha, lakini ni kuvuka London nzima, na kwa magoti yake ilikuwa safari. Stratford yote ilikuwa winchi na vumbi, wanajenga viwanja vya michezo. Mama Furaha alitupokea chini, kwenye lifti, akamkaribisha Mwalimu aje aketi, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu.

“Karibu, Mwalimu, karibu sana. Kuya uikale. Nilikupikia sombe, sikutia samaki, nilikumbuka wewe haukulaka.”

Tulipofika juu, Furaha alitoka chumbani. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mabega mapana, macho yaleyale. Akamwamkia kwa heshima, akaketi mbele yake. Mwalimu hakugusa chai.

“Nimekuja kwa neno moja,” alisema. “Siku ile nilikuambia hapana mbele ya mwenzako. Ningeweza kukuita pembeni. Naomba radhi.”

Furaha akafikiri. Hakuwa na haraka ya kumpa mzee alichokuja kutafuta.

“Ile haikuniuma, Mwalimu,” akasema. “Mtu wa serikali alikuwa ananificha, wakili alikuwa ananificha, wewe ulisema. Kilichoniuma ni baadaye.”

“Baadaye nini?”

“Ulianza kuniwashia hita.”

Mama Furaha akashtuka. “Furaha, unasema nini kwa mzee?”

Mwalimu akainua mkono. “Mwache.”

“Rehema akikosea ulifuta ubao wote, akaanza,” Furaha akasema. “Mimi nikikosea uliniambia vizuri. Nikajua umeshanitoa darasani. Ulikuwa unaningojea tu niende. Basi nikaenda.”

Nje mashine ilikuwa inachimba, ikanyamaza, ikaanza tena. Mwalimu alikuwa amekunja mikono juu ya fimbo.

“Nilidhani nakupumzisha,” akasema.

“Sikuja kwako kupumzika.”

Nilitaka kusema kitu, kwamba mzee alimtafutia vyuo, kwamba alihangaika. Nikamtazama Mwalimu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyetukanwa. Ulikuwa wa mtu anayesoma swali mara ya pili baada ya kulielewa vibaya mara ya kwanza.

“Ni kweli,” akasema mwishowe.

Akala sombe ile, kisamvu cha Kikongo. Alikula kwa mkono, sahani nzima, na Mama Furaha alipomwongezea hakukataa. Mazungumzo yakarudi polepole: Rehema yuko wapi sasa, makao ya wazee tuliyofanya kazi yamefungwa, nani amerudi Kongo. Kabla hatujaondoka alimwuliza Furaha kinachomsumbua chuoni. Furaha akasema hesabu za vipimo vya dawa. Hazimshindi, ila anazifanya mbiombio, na mtihani wa kwanza ameanguka. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Hakutoa ushauri wowote. Tukaagana.

Ndani ya treni alifumba macho karibu njia yote. Tulipokuwa tunakaribia, akayafumbua, akasema, bila kunitazama, “Niliacha kumfundisha, nikaanza kumsikitikia. Na nikajiona mtu mwema.”

“Ulimtakia mema, Mwalimu.”

“Kumtakia mema hakukunigharimu kitu,” akasema. Tukashuka.

Mwalimu alifariki kabla baridi ya mwaka ule haijaisha. Mazikoni, Mama Furaha ndiye aliyenisimulia mambo yaliyofuata baada ya Jumapili ile: Jumamosi kwa Jumamosi alikwenda kumfundisha Furaha, na kila alipokosea alimfutia yote, akaanza upya. Binti yake alifaulu mtihani wa pili. Lakini hayo mimi sikuyaona. Ninachokiona ni pale kituoni Wembley, tulipofika chini ya ngazi na nilikuwa natafuta basi.

“Jumamosi nitarudi,” alisema.

“Nitaomba ruhusa kazini nikupeleke.”

“Usiniombee ruhusa. Njia nimeshaiona.”

Nikamwambia Jumamosi treni ile haitakuwepo, reli inafungwa kwa matengenezo, wamebandika tangazo la mabasi ya kupanda badala yake. Akageuka, akalifuata lile tangazo ukutani. Watu walikuwa wengi, wanampita huku na huku. Akaegemeza fimbo kwenye ukuta, akavaa miwani, akaanza kusoma namba za mabasi.